Nani Aliyeogelea: Mtu au Vazi?

Ndugu Mhariri amenitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya gazeti hili la mkutano wetu, akaniachia nichague mwenyewe habari ya kuandika. Hapana shaka wengi walitazamia nieleze ujenzi wa bwalo la chakula au habari za walimu wakuu waliotangulia. Hayo wameyaandika wengine, tena vizuri kuliko niwezavyo mimi. Mimi nimechagua historia ya vazi la kuogelea, na wale wa kidato changu wameshaanza kucheka.

Kwa faida ya vijana walioko shuleni sasa, nieleze sababu ya kicheko hicho. Mwaka 1984 mashindano ya kuogelea baina ya mabweni yalifanywa baharini, kutoka gati la wavuvi mpaka kwenye boya na kurudi, mwendo wa mita 400 hivi. Mimi nilikuwa mwembamba kama ufito, mwenye mikono mirefu na miguu iliyokuwa ikizama kama nanga. Mtaalamu mmoja wa uvuvi, mgeni, rafiki wa mwalimu wetu wa baiolojia, alikuwa na suti ya mpira ya kupigia mbizi, naye akaniazima. Nilipoivaa wenzangu waliniita kambale. Lakini nilipogusa gati nilikuwa nimemtangulia bingwa wa miaka miwili iliyopita, kijana wa bweni la pili, kwa urefu wa ngalawa moja. Bweni lake likapiga kelele kwamba sikuogelea bali nilipanda mtumbwi. Mwalimu wa michezo akafungua daftari la kanuni. Kanuni zilisema tu kwamba kila mwogeleaji awe amevaa nguo ya heshima. Nani angethubutu kusema kwamba mtu aliyefunikwa toka shingoni hadi vifundoni hakuvaa kwa heshima? Kombe nikapewa mimi.

Tangu siku ile, kila tunapokutana ubishi huo hupashwa moto kama kiporo. Sasa nimestaafu, nina nafasi ya kusoma, nikaona niitafute kweli yake toka mwanzo.

Tuanze na mafuta, maana kabla ya mpira yalikuwako mafuta. Tarehe 24 Agosti 1875 nahodha Mwingereza aitwaye Matthew Webb aliingia majini Dover, akiwa amejipaka mafuta ya pomboo mwili mzima, akafika Calais nchini Ufaransa kesho yake baada ya saa 21 na dakika 45. Hapo penye wembamba mkubwa pana kilomita 33, lakini mikondo ya maji ilimzungusha akaogelea mbali zaidi ya hapo. Aliogelea mtindo wa chura, taratibu, kichwa juu. Alikuwa mtu wa kwanza kuvuka mlango ule wa bahari bila chombo cha kumwezesha kuelea. Mafuta yale hayakumwongezea mwendo hata kidogo. Aliyapaka kwa ajili ya baridi na ukali wa chumvi.

Wakati huo na kwa miaka mingi baadaye, nguo ya kuogelea ilikuwa adui wa mwogeleaji. Ilifumwa kwa sufu. Sufu hunywa maji, hulegea, huning'inia, na mtu hujikuta akivuta mzigo nyuma yake. Wanawake waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana katika kuogelea kwenye Michezo ya Olimpiki, huko Stockholm mwaka 1912, lililowashughulisha wakuu lilikuwa mwili ufunikwe kiasi gani. Kasi ilikuwa jambo la baadaye. Mhamiaji mmoja kutoka Scotland, Alexander MacRae, alikuwa na kiwanda cha kufuma nguo mjini Sydney tangu mwaka 1914. Kiwanda hicho kilitoa vazi lililoacha mgongo wazi ili mabega yapate nafasi, na mwaka 1928 bidhaa zake zikapewa jina la Speedo. Mwaka 1932 kule Los Angeles, Clare Dennis wa Australia, msichana wa miaka 16, alitaka kuondolewa mashindanoni kwa sababu vazi lake lilionyesha mabega kupita kiasi. Malalamiko yalikataliwa, naye akashinda medali ya dhahabu katika mita 200 za mtindo wa chura. Ndugu zangu, angalieni: miaka hiyo ukitaka kwenda kasi ulipunguza nguo. Mtu aliyekuwa uchi ndiye angekuwa na kasi kuliko wote, kama adabu ingeruhusu.

Mwendo huo wa kupunguza uliendelea hadi miaka ya sabini. Katika mashindano ya kwanza ya dunia ya kuogelea, Belgrade mwaka 1973, wanawake wa Ujerumani Mashariki walitokea na mavazi membamba yaliyowabana kama ngozi ya pili, wakachukua medali 10 za dhahabu kati ya 14. Dunia nzima ikakimbilia mavazi yale. Baada ya Ujerumani kuungana mwaka 1990 nyaraka zilionyesha kwamba waogeleaji wa nchi ile walikuwa wakipewa madawa ya kuongeza nguvu kwa amri ya wakubwa, aghalabu bila wao wenyewe kujua. Kwa hiyo mtu asiharakishe kulisifu vazi anapomwona mshindi.

Sasa tugeuke kwenye suti ya mpira, ambayo haikuzaliwa katika michezo hata kidogo. Aliyeifikiri kwanza ni Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi Los Alamos katika mradi wa bomu la atomiki. Mwaka 1951 na 1952 alikuwa akitafuta namna ya kuwakinga wapiga mbizi wa jeshi la maji na baridi. Maji humnyang'anya mtu joto upesi kuliko hewa, takribani mara 25. Mavazi ya wakati ule yalijaribu kumweka mtu mkavu. Yakitoboka kidogo tu, amekwisha. Bradner aliona kwamba si lazima mtu awe mkavu. Joto huzuiwa na vijipovu vya gesi vilivyofungiwa ndani ya mpira wenyewe, na maji machache yanayopenya hadi kwenye ngozi hayadhuru, ilmradi yasipate njia ya kutoka na kuingia. Mpira uliofaa ulikuwa neopreni, ambao kampuni ya DuPont ilikuwa imeutengeneza toka mwaka 1930. Jina la mvumbuzi limegombewa sana. Jack O'Neill, aliyefungua duka lake la vifaa vya kuteleza juu ya mawimbi San Francisco mwaka 1952, ndiye aliyeipeleka suti hiyo kwa watu wa kawaida, na wapo wanaomhesabu yeye. Walakini Bradner ana hoja yenye nguvu, naye hakuonekana kuhangaikia utajiri wake.

Jeshi la maji la Marekani halikuichangamkia. Liliogopa kwamba gesi iliyomo ndani ya mpira ingemfanya mpiga mbizi aonekane upesi kwa mitambo ya adui ya kusikiliza chini ya maji. Jambo hilo ndilo kiini cha habari yangu: suti imejaa gesi, na kitu kilichojaa gesi huelea. Kwa mpiga mbizi huo ni usumbufu. Inambidi ajifunge mkanda wa risasi nzito ndipo azame. Kwa mwogeleaji wa juu ya maji ni mambo mengine kabisa.

Fikirini mtu aliyelala kifudifudi majini. Mwili wake una sehemu mbili zisizopatana. Kifua kimejaa hewa, kinataka kupanda. Miguu ni mifupa na misuli, inataka kushuka. Basi mwili unakaa mshazari kama ubao wa ngazi, na maji yaliyo mbele yanapigana na tumbo, mapaja na magoti. Mwogeleaji hodari huizuia miguu isishuke kwa kulaza kichwa, kukaza kiuno na kupiga miguu sawasawa, na hayo huchukua miaka kujifunza. Suti ya mpira humfanyia kazi hiyo bure. Huinua nyonga na miguu, mwili ukalala kama mshale, na maji yakapata sehemu ndogo ya kugomba nayo. Haimsukumi mtu mbele. Inamwondolea kizuizi.

Watu waliogundua faida hiyo ni washindani wa triathloni, mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo, ulioanzia San Diego mwaka 1974. Walianza kuvaa suti za kuteleza mawimbini ili wasigande kwa baridi, nao wakaona kwamba walitoka majini mapema kuliko kawaida. Mwaka 1987 Dan Empfield wa Marekani akatoa suti iliyobuniwa mahsusi kwa ajili yao, nyembamba mabegani ili mkono uzunguke, nzito zaidi penye mapaja. Miaka miwili baadaye watafiti wa Uholanzi walipima ukinzani wa maji kwa waogeleaji wenye suti na wasio nayo. Kwa mwendo wa mita 1.25 kwa sekunde ukinzani ulipungua kwa asilimia 14 hivi. Mtu asidhani kwamba kasi nayo huongezeka kwa asilimia 14. Kadiri unavyokwenda mbio ndivyo maji yanavyozidi kukugomea, na nguvu inayotakiwa hupanda kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ukipiga hesabu utaona mwenye nguvu zile zile anapata kama asilimia 5.

Tena faida hiyo haigawiwi sawa. Uchunguzi wa miaka ya tisini ulionyesha kwamba wenye miili mikavu isiyo na mafuta hunufaika zaidi, kwa kuwa wao ndio wanaozama zaidi, na kwamba waogeleaji waliobobea hunufaika kidogo kuliko wale waliojifunza ukubwani. Aliyekwisha kujua kulala juu ya maji anasaidiwa nini? Niliposoma hapo nilikiweka kitabu chini nikatoka nje kuvuta hewa. Ilikuwa kana kwamba mtu amenichora mimi na kijana wa bweni la pili, kila mmoja mahali pake.

Wakuu wa mchezo huo hawakuipiga marufuku suti. Waliiwekea mipaka: unene usizidi milimita 5, na ruhusa ya kuivaa ifuate joto la maji. Kwa mabingwa katika mita 1500 mpaka uliwekwa kwenye nyuzi 20 za sentigredi, na kwa washindani wa kawaida nyuzi 22. Mashindano ya baharini na ziwani ya FINA, chama cha kuogelea cha dunia, yaliikubali mwaka 2017: chini ya nyuzi 18 ilikuwa lazima, na kati ya 18 na 20 hiari. Bahari yetu hii haikaribii baridi ya namna hiyo. Mwaka 1984 hakuna aliyenipimia joto la maji, lakini nakumbuka jinsi nilivyotoka natokwa jasho ndani ya bahari, kichwa kinazunguka, hata nikakaa chini ya mwembe nusu saa nikinyweshwa maji ya dafu. Wapinzani wangu walidhani naringa.

Upo pia ukoo wa watu ambao hawakutaka kabisa habari ya mpira. Gertrude Ederle wa Marekani, mwanamke wa kwanza kuuvuka mlango wa bahari wa Webb, tarehe 6 Agosti 1926, alijipaka mafuta ya kondoo na ya nguruwe, akatumia saa 14 na zaidi ya nusu, akawashinda wanaume wote waliomtangulia kwa muda wa saa mbili hivi. Mpaka leo anayetaka jina lake liandikwe katika orodha ile kwa utaratibu wa zamani anaruhusiwa vazi la kawaida, kofia moja, miwani na mafuta. Na mwaka 1987 Lynne Cox, Mmarekani, aliogelea kutoka kisiwa cha Little Diomede cha nchi yake hadi Big Diomede cha Urusi ya Kisovieti, kwenye maji ya barafu, kwa muda wa saa mbili na dakika chache, bila suti. Mwili wake ulikuwa na mafuta ya kutosha kumkinga na baridi na kumfanya aelee vizuri. Hapo mbishi anaweza kuuliza: je, si amevaa suti aliyozaliwa nayo? Swali hilo nimeliwaza sana na sina jibu la kumnyamazisha mtu.

Mabwawani mambo yalikwenda polepole, kisha yakalipuka. Katika Michezo ya Sydney mwaka 2000 mavazi ya kufunika mwili mzima yaliruhusiwa, mengine yakisifiwa kwamba yameiga ngozi ya papa. (Mwaka 2012 wataalamu wa Harvard walipima: ngozi ya papa halisi inamsaidia papa, mifereji ya vazi haikusaidia chochote. Papa wetu wanajua siri zao.) Michezo hiyo hiyo ilimleta Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, aliyejifunzia katika bwawa dogo la hoteli na ambaye hakuwahi kuogelea katika bwawa la mita 50. Wenzake wawili wa kundi lake waliondolewa kwa kuanza kabla ya ishara, akabaki peke yake, akamaliza mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72, watu wote wamesimama wakimshangilia. Pieter van den Hoogenband wa Uholanzi aliogelea umbali huo kwa sekunde 47.84 siku chache zile. Tofauti kama hiyo haizibwi na vazi lolote duniani, na nawaomba vijana mlikumbuke hilo kabla hamjawaandikia wazazi barua za kuomba fedha.

Mwezi Februari 2008 Speedo walitoa vazi lililoitwa LZR Racer, lililojaribiwa kwa msaada wa wataalamu wa NASA. Lilikuwa na vipande vya poliyurethani, mishono yake haikushonwa kwa uzi bali iliunganishwa kwa mitetemo ya sauti, na lilimbana mtu hata ikamchukua karibu nusu saa kulivaa. Katika Olimpiki ya Beijing rekodi 25 za dunia zilivunjwa, 23 kati ya hizo na waliovaa vazi hilo. Mwaka uliofuata makampuni mengine yakatoa mavazi ya poliyurethani tupu. Hayo yalikuwa ndugu wa suti yangu: yalibana, hayakunywa maji, na yalimwinua mtu. Mashindano ya dunia ya Roma mwaka 2009 yalizaa rekodi 43. Paul Biedermann wa Ujerumani, aliyekuwa wa tano Beijing katika mita 200 kwa dakika 1:46.00, alimshinda Michael Phelps kwa dakika 1:42.00. Phelps alikuwa na vazi la mwaka jana. Yeye alifika kwa dakika 1:43.22. Sekunde nne kwa mwaka mmoja! Biedermann mwenyewe hakuficha kwamba vazi lilimsaidia, na kwa ukweli huo mimi namheshimu kuliko wengi.

Wajumbe wa FINA walipiga kura huko huko Roma: 168 waliunga mkono kurudi kwenye nguo ya kitambaa, 6 walikataa. Tangu tarehe 1 Januari 2010 mwanamume huvaa toka kiunoni hadi magotini, mwanamke toka mabegani hadi magotini, na zipu hakuna. Lakini rekodi zilizokwisha kuandikwa hazikufutwa. Ilipita zaidi ya miezi 18 kabla mtu yeyote hajavunja rekodi ya dunia katika bwawa la mita 50. Ni Ryan Lochte, Julai 2011. Ile ya Biedermann ya mita 400 ilidumu hadi Aprili 2025, alipoivunja Mjerumani mwenziwe Lukas Märtens, na ile ya mita 200 mwaka huo ilikuwa bado imesimama. Waogeleaji wa rika zima wamepita wakikimbizana na vazi lisiloruhusiwa tena kuvaliwa.

Kwa upande wetu nafurahi kumtaja Jason Dunford wa Kenya. Beijing aliweka rekodi ya Olimpiki ya mita 100 za mtindo wa kipepeo katika mchujo, sekunde 51.14, rekodi isiyokaa sana. Palikuwa na wenye kunong'ona siku zile kwamba kila mtu anabebwa na nguo. Mwaka 2010, nguo zile zikiwa zimekwisha pigwa marufuku, Dunford alikwenda Delhi kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola akachukua dhahabu katika mita 50 za kipepeo.

Basi turudi gatini. Nimefanya hesabu, ingawa ni ya juu juu, kwani suti ya mpiga mbizi ni nzito mabegani na huchosha mikono kuliko zile za triathloni. Mita 400 nilizimaliza kwa dakika nane hivi. Bila suti, kwa kasi pungufu ya asilimia 5, ningetumia dakika nane na sekunde 24. Katika sekunde 24 mtu wa mwendo wangu huogelea mita 20. Mimi nilimshinda mwenzangu kwa urefu wa ngalawa, tuseme mita sita. Kwa hiyo angenishinda kwa mita 14, na hapo nimejipendelea, kwa sababu mwembamba wa namna yangu bila shaka alipata zaidi ya hiyo asilimia 5. Kanuni sikuivunja. Kuogelea, aliogelea yeye.

Nilimwandikia barua nikamweleza hayo yote pamoja na hesabu, nikamwambia kwamba kombe ninalo nyumbani, mkono mmoja umekatika, na kwamba mwaka huu nitakuja nalo nimkabidhi mbele ya meza kuu. Jibu lake lilifika baada ya wiki mbili. Amekubali kulipokea, ila ameomba tuligawane, miezi sita kwake na sita kwangu. Anasema asubuhi ile ya mwaka 1984, aliposikia kwamba nitavaa mpira, alikwenda kwa mafundi wa majahazi akanunua kopo zima la sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo, akajipaka toka shingoni hadi miguuni akitumaini atateleza. Haikumsaidia kitu, kama Webb angeweza kumwambia. Lakini sasa najua ile harufu iliyonifuata toka kwenye boya hadi gatini ilikuwa ya nini.